Marae haipigiwi hodi: mwongozo kamili wa kukutana na Wamaori kwa heshima

Uswahilini mgeni hubisha hodi, akaitikiwa karibu, ndipo akavua viatu na kuingia. Kwa Wamaori wa Nyuzilandi, nchi ambayo wao huiita Aotearoa, mgeni hasemi kitu. Husimama kwenye geti la marae, yaani uwanja wa ukoo wenye ukumbi wa mababu na nyumba ya chakula, akanyamaza mpaka aitwe. Anayejiingiza mwenyewe, hata akiwa na zawadi mkononi na tabasamu usoni, ameshakosea kabla ya salamu.

Mwongozo huu ni wa yule anayekwenda huko kusoma, kuuguza wagonjwa, kufanya utafiti au kutembea, kisha akaalikwa marae, msibani au kikaoni. Hatua tumezipanga jinsi zinavyofuatana, pamoja na sababu zake, kwa kuwa anayejua sababu hatababaika akikuta kijiji kinafanya tofauti kidogo. Na tofauti zipo: kila kabila (iwi) na kila ukoo (hapū) una kawa yake, yaani utaratibu wake wa marae. Ukisikia neno moja hapa na jingine kwa mwenyeji, mfuate mwenyeji.

Maneno ya kushika kwanza

Anza na neno linaloweza kukupoteza: utu. Sisi tukisema utu tunamaanisha ubinadamu. Kimaori, utu ni kurudisha mizani. Ukipewa, nawe una deni la kutoa. Ukidhulumiwa, dhuluma hiyo inadai kusawazishwa. Ndiyo maana ukarimu wao mkubwa, manaakitanga, si wa upande mmoja. Mgeni aliyelishwa na kulazwa vizuri akaondoka asionekane tena ameacha mizani imelala upande mmoja, na watu hukumbuka.

Mana ni heshima, uwezo na mamlaka ya mtu au ya watu. Nyingine hurithiwa kutoka kwa mababu, nyingine mtu huipata kwa matendo yake. Kumkatiza mzee akiongea au kumsahihisha mbele za watu ni kukanyaga mana yake, na aliyekanyagwa si yeye peke yake bali pia wale anaowasimamia.

Tapu na noa ndiyo funguo za nyumba nzima. Ukiifasiri tapu kuwa mwiko utapata nusu tu ya maana. Tapu ni hali ya kitu au mtu kutengwa, kuwa upande wa miungu na mababu: kichwa cha mtu, maiti, makaburi, mgeni aliyefika kwa mara ya kwanza. Noa ni hali ya kawaida, ya kila siku, na chakula kilichopikwa ndicho noa kuliko vyote. Viwili hivyo havichanganywi. Kanuni hiyo moja ndiyo mama wa makatazo ambayo wageni huyaona kama orodha isiyo na mpango:

- Usikalie meza ya chakula wala kaunta ya jikoni, na usiweke juu yake kofia, kitana au mkoba.
- Usikalie mto wa kulalia. Ni wa kichwa, na makalio si ya hapo.
- Usipitishe sahani juu ya kichwa cha mtu.
- Usimshike mtu kichwani. Watoto pia wamo, na hapa wengi wetu huteleza, maana kumpapasa mtoto kichwa kwetu ni baraka.
- Taulo za kufutia vyombo hazifuliwi pamoja na nguo za mwilini.
- Usimruke mtu aliyeketi au kulala chini, wala miguu yake. Zunguka, au omba aikunje.

Halafu kuna whenua. Neno hili lina maana mbili, ardhi na kondo la nyuma la mzazi, na kwa desturi kondo huzikwa katika ardhi ya ukoo. Msomaji ambaye kwao husemwa "kitovu changu kimezikwa pale" hahitaji kuelezwa zaidi. Vivyo hivyo, hapū ni ukoo na pia ni kuwa mjamzito, na iwi ni kabila na pia mifupa. Watu, miili yao na ardhi yao vimefungwa katika lugha yenyewe, na uzi unaovifunga ni whakapapa, nasaba inayomshika mtu na mababu, na hata na mlima na mto.

Usiende pia bila kujua habari ya Te Tiriti o Waitangi, mkataba uliotiwa saini tarehe 6 Februari 1840 kati ya machifu wa Kimaori na Taji la Uingereza. Nakala zilikuwa mbili. Ya Kiingereza inasema machifu walikabidhi mamlaka yote ya dola. Ya Kimaori, ambayo ndiyo iliyosainiwa na wengi wa machifu zaidi ya 500, inasema walikubali kāwanatanga, yaani uongozi wa serikali, wakabaki na tino rangatiratanga, ukuu wao kamili juu ya ardhi, vijiji na hazina zao. Anayekumbuka karatasi alizosainisha Carl Peters kule Usagara mwaka 1884 atajua madhara ya mkataba ambao pande mbili hazikuuelewa sawa. Ardhi kubwa ilipotea kwa vita, kwa kutaifishwa na kwa sheria. Tangu 1975 kuna Baraza la Waitangi linalosikiliza malalamiko, na tangu 1985 linaweza kurudi nyuma hadi 1840. Mzee akiitaja ardhi katika hotuba yake, anazungumzia jambo ambalo bado liko mezani.

Ulimi: Mswahili ana bahati, na ana mtego

Irabu za Kimaori ni a, e, i, o, u, na husomeka karibu sawa na zetu. Ng ni ile ya ng'ombe, hata mwanzoni mwa neno. Wh katika sehemu nyingi hutamkwa karibu na f: whānau, familia, husikika kama "fanau". R hugongwa mara moja, kwa wepesi. Hapo umeshawapita wageni wengi wanaotoka Ulaya.

Mtego ni mkazo. Sisi huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho bila hata kufikiri. Kimaori si hivyo. Tangata, mtu, mkazo wake uko mwanzoni: TA-nga-ta, Mswahili atasema ta-NGA-ta. Mtego wa pili ni mstari juu ya irabu, unaoonyesha kuwa irabu inavutwa. Keke ni keki, kēkē ni kwapa. Matua ni baba, mātua ni wazazi. Andika mistari hiyo hata kwenye barua pepe, maana jina lisilo na mstari wake ni jina lililokosewa.

Salamu hufuata idadi: tēnā koe kwa mtu mmoja, tēnā kōrua kwa wawili, tēnā koutou kwa watatu na zaidi. Kia ora hutosha mahali popote pasipo rasmi.

Andaa utambulisho mfupi. Wenyeji huwa na pepeha, ambamo mtu hutaja mlima, mto, mtumbwi wa mababu na kabila lake kabla ya jina lake. Usijitwalie mlima wa Aotearoa ukauita wako. Huo una wenyewe. Inatosha kusema ulikotoka na unapoishi sasa:

*Tēnā koutou katoa. Ko Asha tōku ingoa. Nō Tanga ahau. Kei Kirikiriroa tōku kāinga ināianei. Nō reira, tēnā koutou, tēnā koutou, tēnā koutou katoa.*

Yaani: nawasalimu nyote, jina langu ni Asha, natoka Tanga, sasa nyumbani kwangu ni Kirikiriroa (mji ambao ramani nyingi huuita Hamilton), basi nawasalimu tena. Jizoeze kwa sauti mpaka usihitaji karatasi.

Kabla ya siku ya pōwhiri

Pōwhiri ni mapokezi rasmi. Kazi yake ni kumtoa mgeni kwenye tapu ya ugeni mpaka noa, mpaka awe mmoja wa nyumba kwa muda atakaokaa. Anayekanyaga marae fulani kwa mara ya kwanza huitwa waewae tapu, miguu yenye tapu. Yafuatayo yawe tayari kabla hamjatoka nyumbani:

1. Ulizeni kawa ya marae hiyo: nani huongea kwanza, wanawake hukaa wapi, hongi (salamu ya kugusanisha pua) hufanywa mara ngapi.

2. Tafuteni msemaji wa upande wenu na mwanamke atakayeitikia mwito wa kukaribishwa. Kama hamna anayejua Kimaori, waambieni wenyeji mapema. Mara nyingi watawaazima mtu. Kosa ni kunyamaza mpaka getini.

3. Chagueni wimbo, maana kila hotuba hufuatwa na wimbo wa kuiunga mkono. Jifunzeni mmoja wa Kimaori. Mkishindwa, wa Kiswahili mnaoujua wote kwa moyo ni bora kuliko wa Kimaori unaokatika katikati.

4. Andaeni koha. Ni mchango wa wageni, siku hizi pesa taslimu katika bahasha moja ya kundi zima, isiyo na mbwembwe. Haina bei. Hesabuni vichwa, milo na usiku mtakaolala, kisha kadirieni gharama halisi ya kuwatunza na kuongeza juu yake. Watu 20 wanaokula mara tatu na kulala usiku mmoja hawawezi kutoa kama watu 5 waliokuja kwa chai. Kama marae ina ada ya malazi, ulizeni kama ndiyo koha au ni mbali nayo.

5. Mavazi: mwanamke avae sketi au gauni refu. Kanga au kitenge cha kujifunga juu ya suruali kinafaa kabisa, na kiwe kimoja cha ziada kwa atakayesahau. Wanaume wavae suruali ndefu. Msibani, nguo nyeusi.

6. Kwa Waislamu: mwambieni mapema mwenyeji wa zamu kuhusu chakula, kwa sababu hāngī, chakula cha tanuri la ardhini, mara nyingi huwa na nguruwe. Mwambieni pia kama hamgusani mikono wala pua na jinsia nyingine, ili yule wa kwanza kwenye mstari ajue na asione amekataliwa. Karakia, yaani dua, nyingi ni za Kikristo. Kusimama kimya kunatosha.

Siku yenyewe, hatua kwa hatua

Fikeni dakika 20 au zaidi kabla ya saa mliyopewa. Kusanyikeni nje ya geti, waharoa, mkabidhi bahasha kwa msemaji wa mwisho na kuzima simu. Msile, msitafune bazoka, msivute sigara.

Kwa ugeni mkubwa kunaweza kuwa na wero. Shujaa mwenye silaha huja mbio akizungusha mkuki, akatoa macho, akaweka chini tawi au kijiti. Anauliza kwa mwili: mmekuja kwa amani? Mmoja wenu, aliyepangwa kabla, anasogea taratibu na kuokota bila kumwondolea macho, kisha anarudi nyuma kwa hatua za polepole. Hakuna anayecheka wala kupiga makofi.

Kisha sauti ya mwanamke inapaa kutoka ukumbini. Hii ndiyo karanga, ndiyo "karibu" mliyokuwa mkiisubiri. Mwitikiaji wenu anajibu, nanyi mnaanza kutembea pamoja, kwa kushikamana, polepole kuliko mnavyodhani. Msitawanyike wala kuacha mapengo. Katikati ya uwanja, marae ātea, mnasimama na kuinamisha vichwa: sauti hizo mbili zinawaita wafu wa pande zote, na kitambo hicho ni chao. Mkiharakisha hapo mmewapita wafu wa watu bila salamu.

Mkifika kwenye viti, subirini ishara. Safu ya mbele ni ya wasemaji, na katika marae nyingi wasemaji hao ni wanaume. Mwanamke wa Kiafrika aliyezoea kuongoza vikao anaweza kuona uzito hapa, nasi hatusemi auone ni mwepesi. Ajue tu kwamba bila karanga ya mwanamke hakuna anayeingia, kwamba yako maeneo ambako wanawake nao husimama kuhutubu, na kwamba mjadala huo wenye marae wanao wao kwa wao. Mlango wa mapokezi si mahali pa mgeni kuuanzisha mjadala huo.

Hotuba, whaikōrero, hufuata moja ya njia mbili. Katika pāeke wenyeji wote humaliza ndipo wageni waanze. Katika tauutuutu hupokezana, na wenyeji ndio hufunga. Ukisimama zamu isiyo yako umevuruga mpango wote. Msemaji wenu wa mwisho, baada ya wimbo wake, anaiweka bahasha ya koha chini uwanjani, baina ya pande mbili, na kurudi nyuma. Hamkabidhi mtu mkononi, hatangazi kiasi. Mwenyeji atakuja kuiokota.

Ndipo hongi. Mnapanga mstari na kuwapitia wenyeji mmoja mmoja. Mshike mkono wa kulia, sogea, weka pua yako na paji la uso kwenye pua na paji la mwenzako kwa wepesi, tulia kwa pumzi moja. Hamsuguani pua, na si busu. Kinachobadilishwa ni hā, pumzi. Masimulizi yao yanasema mungu Tāne aliumba mwanamke wa kwanza, Hineahuone, kwa udongo, akampulizia uhai puani. Makosa ya kawaida ni mawili: kuja kwa kasi mkagongana, na kuondoka kabla pumzi haijapita. Mwenye mafua aseme, atoe mkono tu. Tangu COVID-19 hakuna anayelishangaa hilo.

Mwisho mnaingia wharekai, nyumba ya chakula. Msidhani ni kiburudisho baada ya shughuli: chakula ndicho kinachoondoa tapu ya mapokezi na kukamilisha kazi. Kuaga kabla ya kula ni kuacha pōwhiri haijafungwa, kwa hiyo panga ratiba yako ukijua hivyo. Subirini dua, waacheni wazee watangulie, na mkimaliza nendeni jikoni kuwashukuru ringawera, "mikono ya moto", kama wapishi wanavyoitwa. Beba sahani zako. Shika taulo ukaushe vyombo. Mazungumzo yenye manufaa mengi huzaliwa kwenye sinki hilo.

Ndani ya wharenui

Wharenui, ukumbi mkuu wa marae wenye michongo, ni mwili wa babu. Ukiitazama kwa mbele, kilele chake kina uso wa babu. Mbao mbili zinazoshuka pembeni, maihi, ni mikono yake, na ncha zake ni vidole. Ukiingia, tazama juu: mwamba mrefu wa paa, tāhuhu, ni uti wa mgongo, mapau, heke, ni mbavu, nguzo ya kati ni moyo. Mbao za ukutani, poupou, zina mababu wengine mmoja mmoja, na picha zilizotundikwa karibu yao ni za marehemu. Umeingia kifuani mwa mtu. Viatu vinabaki nje, chakula na vinywaji haviingii, usiegemee michongo, usipige picha bila ruhusa.

Mkilala humo, wanaume na wanawake hulala ukumbi mmoja kwenye magodoro yaliyopangwa kando ya kuta, vichwa ukutani na miguu katikati. Njoo na shuka, foronya na nguo za kulalia za heshima. Ulizia upande wa wageni kabla hujatua begi.

Msibani

Tangihanga ni msiba wa Kimaori, na kwa kawaida huchukua siku tatu hivi. Aliyezoea pwani, ambako maiti huzikwa siku ileile, ajiandae. Marehemu hulazwa marae katika jeneza lililofunguliwa, na haachwi peke yake hata usiku. Subirini getini mpaka kundi likusanyike, ingieni kwa karanga kama kawaida, simameni mbele ya marehemu. Wasemaji humwambia yeye moja kwa moja: nenda, nenda, nenda. Mlilie bila aibu. Machozi na makamasi, roimata na hupe, ndiyo heshima yenyewe, wala hakuna haja ya kukimbilia leso. Wafiwa, whānau pani, huketi kando ya jeneza na hawahutubu. Koha ya msibani inafanya kazi ya rambirambi. Ukitoka makaburini nawa mikono kwa maji yaliyowekwa mlangoni, kisha nenda mkale. Picha, hapana.

Kikao, utafiti na wodi

Kosa kubwa la wataalamu ni kuja na mpango uliokamilika na kuomba baraka. Kwanza jueni ardhi mnayokanyaga ni ya nani, yaani ni kabila au ukoo gani wenye mana whenua, mamlaka juu ya ardhi, hapo. Serikali ina orodha iitwayo Te Kāhui Māngai. Halmashauri ya mji nayo huwa na majina. Mara nyingi kuna zaidi ya ukoo mmoja, na hakuna Mmaori anayewasemea Wamaori wote, hata yule mfanyakazi mwenzenu mnayemgeukia kila siku.

Nendeni ana kwa ana, kanohi ki te kanohi, kabla mada haijaandikwa. Kikao huanza na dua na salamu, halafu whakawhanaungatanga: kila mmoja anasema yeye ni nani na wa wapi. Hapa mwenye ajenda hutazama saa, na hapo ndipo anapowapoteza. Kama hawajui wewe ni nani, hawana sababu ya kukuamini na jambo lao. Tengeni nusu saa au zaidi, ndipo mada, ndipo dua ya kufunga na chakula. Msidai jibu siku hiyo. Lazima warudi kwa watu wao. Semeni wazi takwimu na maarifa watakayotoa yatakuwa ya nani na yatahifadhiwa wapi, na matokeo yarudishwe kwao kabla ya kuchapishwa. Hiyo ndiyo utu kwa Kimaori.

Kwa muuguzi: afya hutazamwa kwa mfano wa Te Whare Tapa Whā, uliotolewa na Mason Durie miaka ya 1980, nyumba ya kuta nne: mwili, akili na hisia, roho, na familia. Kwa hiyo chumba kikijaa ndugu, hao ni sehemu ya tiba. Uliza kabla ya kugusa kichwa. Mto wa kichwa usiwe wa miguu. Weka alama ya rangi kwenye foronya. Beseni la mkojo lisikae kwenye meza ya chakula. Na kila kinachotoka mwilini, kondo la nyuma, kiungo kilichokatwa, hata kipande cha nyama cha maabara, uliza kama familia inataka kukirudisha nyumbani.

Maji, milima na michoro ya mwilini

Mtu akifa maji, wenyeji huweza kuweka rāhui, katazo la muda la kuvua na kuogelea pale. Liheshimu hata kama hakuna askari. Mto Whanganui unatambuliwa na sheria ya mwaka 2017 kuwa na haki za mtu, na mlima Taranaki tangu 2025. Wageni huombwa wasisimame kwenye kilele chenyewe cha Taranaki, maana ni kichwa cha babu. Te Rerenga Wairua, ncha ya kaskazini ambako roho za wafu huondokea, si mahali pa kula.

Moko, michoro ya usoni na mwilini, hubeba nasaba ya mwenyewe. Usiiguse, usiichore usoni kwa sherehe, na usimuulize mwanamke mwenye moko ya kidevuni kama iliuma. Haka, ngoma yao ya vishindo na sauti, pia haifanywi kwa kuigiza.

Ukikosea

Utakosea mahali. Usitoe hotuba ya kuomba radhi mbele ya wote, maana hapo umewageuza waangalie aibu yako. Mfuate kando mzee aliyewapokea au mwenyeji aliyewaalika, sema ulichofanya kwa sentensi moja, uliza kifanyike nini. Anaweza kukuambia yamekwisha, au akasoma dua fupi, au akakutuma jikoni. Nenda. Siku ya kuondoka, baada ya kufagia ukumbi, kurudisha magodoro na kukunja shuka, kuna muda wa kuagana uitwao poroporoaki ambapo hata aliyekaa kimya siku zote anaweza kusimama. Hapo sema jina lako tena, taja kosa kama bado linakusumbua, shukuru jikoni kwa jina, na useme lini utarudi.